Bega la Mrushaji

Jumatatu, 3 Machi
Kocha wa timu yetu ya mpira wa mikono kapima mabega. Unapeleka mkono nyuma, kidole gumba kinapanda uti wa mgongo. Changu kilifika katikati ya mabega. Nikajiona malkia! Akaja Nahodha, yule anayetembea kama uwanja ni wa babake. Mkono wake wa kurushia ukakwama kiunoni. Nikajiandaa kucheka. Kumbe Kocha anatikisa kichwa kwa heshima. Eti bega la mrushaji ndivyo lilivyo: linafunguka mno kwenda nyuma, kujikunja kwa ndani linagoma. Akaniuliza kwa upole, mwanangu, wewe huwa unarusha kweli? Wote wakaangua kicheko. Na Jumamosi kuna mechi, nafasi ya winga wa akiba iko wazi, mimi sijawahi kucheza hata moja.

Jumanne, 4 Machi
Nilimnong'oneza Kocha kuwa jana mwili ulikuwa haujapata moto. Apime tena. Safari hii kidole kikakwama kwenye mfuko wa nyuma. Nikakunja uso kidogo. Sanaa tupu! Kocha akashtuka. Nyota amezaliwa.

Jumatano, 5 Machi
Nyota kapigwa marufuku. Eti kukaza kidogo ni kawaida, lakini bega langu limekaza hadi linakaribia kuumia. Nisirushe mpaka lilegee. Nalala ubavu, kiwiko nimekikunja, Nahodha anausukuma mkono sakafuni huku akisema vumilia, mdogo wangu. Mdogo wake wapi! Tumepishana miezi. Nikilegea nimeumbuka, kwa hiyo nikakaza. Akawaambia wenzake hajaona bega gumu hivi, maskini. Huruma yake akampe paka wao.

Jumamosi, 8 Machi
Winga kateguka kifundo! Benchini tulibaki mimi na chupa za maji. Kocha akanipita kwa macho, akaziangalia chupa. Nikaruka mbele yake, nikapandisha kidole gumba mgongoni mpaka karibu na shingo. Nimepona! Nahodha akauliza, hee, sasa mimi siku zote hizi nilikuwa nasukuma nini? Kocha hakupandisha hata sauti. Alisema bega laini angelifundisha kurusha mwenyewe, ila mwongo hajui ampange wapi. Wakacheza pungufu. Tumefungwa kwa bao moja.

Jumapili, 9 Machi
Nimeomba radhi, nimelia, machozi ya kweli kabisa. Kocha kanisamehe. Kesho anapima kuruka: unagusa ukuta kwa chaki umesimama, kisha unaruka na kugusa tena. Kinachohesabiwa ni tofauti kati ya alama hizo mbili.
Wajinga watanyoosha mkono wote ile mara ya kwanza. Mimi nitashusha bega.