Finjani Iliyotikiswa Al Khoudh

Jongeeni, enyi mlioketi tangu Sib hadi Wadi Kabir. Zilazeni simu kifudifudi, wachukueni watoto mapajani, msikie vita vya Khulood binti Sleiman, mshika usukani asiyetetereka, aliyeondoka asubuhi ya baridi kumvizia ndege mdogo kuliko ngumi.

Mumewe Humam alikuwa masomoni kaskazini, kwenye misitu ya misonobari izamayo thelujini, naye alimwambia binti yao Fajr kwa simu: "Kandege kenye koo la buluu kamekimbia baridi ya huku, kanakuja kwenu. Nimekapa salamu kakuletee." Tangu hapo Fajr hakuulizia jingine. Khulood akajua moyoni kwamba wakirudi bila kukaona, mtoto ataamini baba kasahau.

Basi wakapiga kambi bwawani Al Khoudh, mbele ya matete, pamoja na mavyaa wake, Bi Khole mzaa Humam, jemadari wa dele la kahawa, asiyepata kunywa peke yake palipo na mtu. Na mtu alikuwapo: mzungu mwenye darubini, kimya kama jiwe. Bi Khole akammiminia. Akanywa, akarudisha finjani. Akammiminia tena, kwani sheria ya dele inajulikana, asiyetikisa finjani hajatosheka, na asiyetosheka haachwi.

Kila Bi Khole aliponyanyuka kumimina, buibui lake lilipepea kama bendera ya jeshi. Kandege kakachungulia, kakarudi matetani.

"Mama, kaa, nakuomba," alinong'ona Khulood.

"Nkae vipi, mwanangu? Hajatikisa."

"Hajui kutikisa, mama."

"Basi atakunywa mpaka Ramadhani."

Mkono wa mzungu ulishaanza kutetemeka kwa wingi wa kahawa, lakini mtetemeko ule Bi Khole hakuuhesabu.

Fajr akauliza polepole, "Kwani kamepotea njia?"

Ndipo shujaa Khulood akatwaa finjani yake, akamwinulia mgeni kama mpiganaji aonyeshaye upanga, akaitikisa, kushoto, kulia. Mgeni akamtazama. Akatikisa.

Dele likatua chini. Bi Khole akaketi, akashusha pumzi iliyosikika Sib.

Matete yakapasuka, kandege kakatoka na koo lake la buluu, kakasimama ukingoni mbele ya mtoto.

"Waalaykumu salaam, baba," alinong'ona Fajr.

Iandikwe basi, Maskati yote ijue: siku hiyo, kwa mtikiso wa finjani moja, salamu iliyotoka thelujini ilimfika mwenyewe, na Bi Khole alikaa.