Kikohozi cha Kuazima

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi. Mwanangu Bora kaamka saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo na mimi pia.

Habari ya mtaa: Kamikazi anarudi. Yule Kamikazi niliyekaa naye dawati moja darasa la saba, hapahapa kambi ya wakimbizi Dzaleka, akinakili hesabu zangu. Sasa anasomea udaktari Lilongwe na amepata kitu wanachokiita felosipu. Kanisani kwetu felosipu ni Jumatano: mnaimba, mnaomba, mnarudi kupika. Hii ya wanafunzi wa udaktari ni wiki kumi za kufanya utafiti na kuhudumia watu, na mkoba wa bluu juu yake. Atachunguza afya ya watoto wa kambi. Miaka yote ile alikuwa mtoto wa kambi mwenyewe, angejichunguza bure.

Lakini atahitaji mama mmoja wa kuzunguka naye nyumba kwa nyumba. Mwisho wa kazi mama huyo anapewa barua yenye muhuri, na kwa barua hiyo wilayani, Dowa Boma, wanakupokea kwenye mafunzo ya wahudumu wa afya. Niliacha shule kidato cha pili, mwanangu wa kwanza Kirezi alipokuja. Simlaumu Kirezi. Ila barua hiyo ni yangu.

Jirani yangu Thacienne anasema ni yake. Thacienne anashika kipimajoto kama mwiko.

Jumanne, 10 Juni

Imetangazwa kanisani na kwenye foleni ya maji: Ijumaa Kamikazi atapita mtaa wetu na mwalimu wake kutazama nyumba na kuchagua mama. Wanatafuta nyumba ya namna gani, hawakusema. Hakuna haja. Nina miaka kumi na minne kambini, watu wa mafaili nawajua. Mgeni mwenye faili anatafuta shida. Ukimwonyesha godoro, anaandika kwamba unajiweza, anapita. Ukimwonyesha mkeka uliotoboka, anakaa.

Tatizo ni wanangu. Kirezi miaka saba, Irambona minne, Bora mwaka mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulazwa. Bora mnene kama gunia la mahindi. Baba yao Nduwayo yuko Mponela anapakia tumbaku, kila akija anamnyanyua na kulalamika mgongo. Nani atampa barua mama wa mtoto kama huyu?

Jumatano, 11 Juni

Mpango umekamilika.

Moja, kikohozi. Nimewafundisha baada ya uji. Kirezi anakataa, anasema ni uongo. Nimemwambia si uongo, ni mazoezi. Irambona ana kipaji. Alikohoa mpaka kuku wakatoka nje.

Mbili, watoto wa kuongezea. Thacienne, ukiacha yule mchanga wake, ana wawili, Hirwa na Izere, kamasi zao hazijakauka tangu Machi. Nimeenda kuwaazima. Akacheka, akasema kumbe leo batoto yake iko na bei. Anataka nimtwangie sombe, majani ya muhogo, siku mbili. Nikamuuliza yeye Ijumaa ataonyesha nini. Akasema ye hana haraka, Mungu njo anachagua. Mvivu hata wa kupanga njama.

Tatu, vitu. Vyandarua vitatu, ndoo ya maji yenye kifuniko na bomba, sufuria kubwa, na lile dumu la kunawia mikono nililofunga kwa kamba na kijiti cha kukanyaga. Vyote vinanuka kujiweza. Nitavificha kwa Thacienne, kama tunavyofanyiana kila siku ya hesabu ya vichwa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimetwanga sombe mpaka mabega yanawaka. Thacienne amekaa kwenye kigoda akinielekeza, eti majani bado iko makubwa. Nikatwanga tena. Mwenye barua ni mimi.

Jioni nikahamisha vitu. Alivipanga vizuri sana. Vyandarua akavitundika. Nikasema si lazima utundike. Akasema vikikaa chini panya atakula, mama Kirezi, mi nakutunzia.

Ijumaa, 13 Juni

Wamekuja saa tatu. Kamikazi na koti jeupe lenye mikunjo, na mwalimu wake, mama mrefu wa miwani, anayejua Kiingereza na Kichewa tu. Watoto watano kwenye mkeka, majivu kidogo mashavuni. Bora nilimviringisha blanketi mbili asionekane ukubwa. Alitoa jasho kama mwendesha kabaza, baiskeli ya abiria, kwenye mlima.

Irambona hakungoja hata wakae, akaanza kukohoa. Mwalimu akaanza kuandika haraka. Akauliza, Kamikazi akitafsiri, tunalala ndani ya chandarua? Nikasema chandarua tunakiona kwa wengine. Maji tunaweka wapi? Nikasema popote. Mikono tunanawa wapi? Nikasema mvua ikinyesha. Hilo la mvua sikulipanga, lilikuja lenyewe. Nilijipongeza.

Kamikazi alikuwa ananikodolea macho. Mara mbili akanikanyaga mguu. Nikajua ni maringo. Akamuuliza Hirwa, huyu njo mama yako? Hirwa akasema ndiyo, halafu akauliza atarudi kwao saa ngapi. Kamikazi hakumtafsiria mwalimu.

Kisha Irambona akakohoa mpaka uji wote ukamtoka, juu ya viatu vya mwalimu. Mwalimu akasema pepani, pepani, ndiyo pole ya Kichewa, kwa upole, akaomba maji ya kunawa. Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeyaficha. Thacienne akatokea mlangoni kwake, kanga safi, akasema karibuni huku, kwangu maji iko.

Wakaenda. Wakakaa huko dakika arobaini. Nilisikia mwalimu akikanyaga kijiti cha dumu langu, akacheka kwa furaha, akakanyaga tena.

Jumamosi, 14 Juni

Amechaguliwa Thacienne.

Nyumba safi, maji yenye kifuniko, vyandarua vitatu, na mtoto mmoja tu, yule mchanga, amelala kimya. Hao wakubwa wenye kamasi walikuwa kwangu. Mimi njo niliwaomba.

Nimeenda kuchukua vitu. Ndoo, dumu na sufuria amenipa. Vyandarua akasema viache kidogo, mama Kirezi, wageni wamevipiga picha.

Kirezi ameniuliza kama mazoezi yameisha. Irambona hayajamwishia, anakohoa mpaka kwenye sala.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeenda Lilongwe na Bora mgongoni na mfuko wa maharage. Kamikazi anapanga chumba cha uani mtaa wa Area 18, chumba chenyewe kidogo kuliko jiko langu. Daktari mzima. Nilimkuta amechuchumaa anafua lile koti kwa mkono, macho mekundu. Felosipu inamtaka taarifa kila Jumapili na hajalala.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba: watoto wamepona ghafla, tumeombewa. Sikuifikia. Alimchukua Bora, akasema yee, huyu njo mgonjwa wako? Bora akamvuta hereni.

Akaingia ndani, akatoa karatasi. Ni maombi yake ya felosipu, aliyoyaandika Februari. Akanisomea kwa Kiswahili. Kwamba katika kambi ile ile, maji yale yale na chakula kile kile, kuna nyumba ambazo watoto hawaugui, na anataka kujua mama zao wanafanya nini ili wengine wajifunze kwao. Na kwamba anamfahamu mama mmoja, alisoma naye, mwenye akili ya hesabu, watoto watatu, hajalazwa hata mmoja.

Nikauliza ni nani huyo.

Akasema we.

Akasema mwalimu alikuja tu kuthibitisha. Mtafiti haruhusiwi kumwambia mama kabla. Alinikanyaga mguu mpaka kisigino chake kikauma, na mimi nikazidi kumweleza mwalimu habari za mvua.

Nikamwambia mtu ana mkono wa kunakili hesabu lakini hana mdomo wa kuniambia. Akasema ningeambiwa ningeongeza watoto kumi. Tukacheka. Kisha mimi nikalia kidogo, moshi wa mkaa wa jirani.

Akasema isikilize hii, mama Kirezi. Kuna mwenzake darasani amepata felosipu kama yake, anakuja kwetu Jumatatu ijayo. Ye anachunguza watoto chini ya miaka mitano wanakula nini, anataka kuwaona wakila. Naye atachagua mama mmoja, barua ile ile, muhuri ule ule. Akanishika mikono yote miwili. Akasema nakuomba usifanye kitu. Usiazime. Usifiche. Kila kitu kikae mahali pake. Pika kama unavyopika.

Nikaapa kwa jina la Bora.

Jumatatu, 23 Juni

Leo ndiyo leo. Nimetii neno kwa neno. Ndoo iko mahali pake, sufuria iko mahali pake, dumu liko mlangoni. Vyandarua nimemnyang'anya Thacienne jana, nikavitundika mwenyewe. Sijaazima kitu. Sijaficha kitu. Kamikazi hatakuwa na la kusema. Mtu akikosea mara moja anajifunza, isipokuwa ni mpumbavu.

Nimepika uji wa soya na sombe yenye karanga, chakula cha kumnyamazisha daktari yeyote.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Irambona bado anakohoa, na Bora akila anajipaka mpaka kwenye nyusi. Uchafu ule usimharibie mgeni karatasi zake. Kwa hiyo asubuhi nimewapeleka wote watatu kwa Thacienne, pamoja na chakula chao, wakae mpaka mgeni apite. Nyumba sasa imetulia, inang'aa kama altare.

Nilidhani Thacienne atataka tena nimtwangie. Hakutaka chochote. Amewapokea kwa mikono miwili, amewanawisha nyuso, amewakalisha mlangoni kwa mstari, kila mmoja na bakuli lake. Anawalisha na kuwaimbia.

Sijui amepatwa na nini. Labda ameanza kuokoka.