Kamati ya Kuratibu Mruko

Ninayo heshima kuutangazia umma wa Mbulu na Hanang kwamba tatizo la vijana kutoshiriki katika sanaa limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Natangaza kwa maandishi, si kwa mdomo, kwa sababu ambazo msomaji mvumilivu atazielewa mbele ya safari. Mimi naitwa Basili, Katibu wa Kamati ya Pamoja ya Kuinua Ushiriki wa Vijana katika Sanaa za Jadi. Nimekuwa katibu wa kamati nyingi, ikiwamo ile ya kuchunguza kwa nini kamati hazimalizi kazi, ambayo inaendelea vizuri.

Mambo yalianza na waraka kutoka juu, msimu ule ngano ilipokuwa imetanda mbugani mpaka macho yanachoka. Waraka ulisema sanaa humjenga kijana mwili na akili, humwondolea aibu, humkutanisha na wenzake na kumwepusha na pombe. Ukaagiza tuenzi mila, kisha tuchunguze ni nini kinachowazuia vijana wetu wasishiriki.

Tulishtuka, kwa sababu hakuna kilichokuwa kinawazuia. Kila baada ya mavuno, wale wa wakulima waliteremka kutoka Endasak, wale wa wafugaji wakaja na fimbo zao kutoka mbugani, wakakutana kwenye uwanja mmoja ulioachwa katikati ya mashamba ya ngano. Hapo waliimba na kuruka mpaka vumbi likaonekana kutoka barabarani. Hawakuwa na usajili, hawakuwa na mwenyekiti, na walikuwa na furaha isiyokuwa na takwimu. Sasa kwenye taarifa tungeandika kikwazo gani? Ndipo ikabidi kamati ianze kazi.

Mwenyekiti wetu alikuwa Ndugu Hermani, mtu mzito kwa cheo na kwa mizani. Mjumbe wa upande wa uzalishaji alikuwa Ndugu Xavery, meneja wa shamba la ngano la umma. Ndugu Xavery alikuwa na matrekta mengi, na ardhi yote inayoonekana alishailima isipokuwa uwanja ule wa ngoma. Ulimkera kama pengo kwenye kinywa cha bibi harusi.

“Pale wanakanyaga tu,” alikuwa akisema kila kikao. “Wanashindilia udongo wa taifa.”

Tukatunga kanuni. Kanuni ya kwanza, hakuna kuruka bila kibali. Ya pili, waruke wakiwa wamevaa kaptula na mashati, maana ngozi na mashuka ni mambo ya zamani, na sisi tunaenzi mambo ya zamani kwa mavazi ya kisasa. Ya tatu, kibali cha mdomo ni kosa, na kibali kisicho na muhuri si kibali. Ya nne, fimbo ni silaha. Ya tano, mruko usizidi kimo cha debe. Ukizidi hapo unakuwa mruko holela. Ya sita, nyimbo zote ziletwe zikaguliwe.

Ili kuhakikisha utaratibu unafanya kazi, tulijaza kibali cha kwanza kwa majina yetu wenyewe, Hermani, Xavery na Basili, kikundi cha mfano. Kikagongwa muhuri siku hiyohiyo. Tulipeana mikono, tukanywa chai, tukakiweka kwenye jalada.

Baada ya hapo uwanja ulinyamaza. Nyasi zikaanza kuota pembeni. Ndugu Xavery akaja kikaoni anatabasamu, akasema kwa kuwa sasa uwanja hautumiki, ataulima msimu unaokuja.

Siku moja wakaingia ofisini vijana wawili. Helena alikuwa binti wa Endasak, ndiye aliyekuwa mwimbaji wa uwanja ule. Gidahosh alikuwa mchungaji kutoka mbugani, mrefu, na kila alipopita mlangoni kwangu aliinama kana kwamba anaingia kwenye zizi la ndama.

“Shikamoo baba,” alisema Helena.

“Marahaba. Wimbo mmeuleta?”

“Tumeuleta,” alisema Gidahosh. “Unasifu dume la babu. Pembe zake zilipinda hivi, na alikuwa akilia, majike yote yanageuka.”

“Dume hilo linaogeshwa joshoni?”

“Alikufa zamani, baba.”

Niliweka kalamu chini. “Yaani mnamsifu ng’ombe aliyekufa wakati matrekta yapo hai?”

Nikaandika kwamba wimbo umepungukiwa na mwelekeo wa uzalishaji, nikawapa ule uliopitishwa, “Trekta Letu”, uliotungwa na Ndugu Mwenyekiti mwenyewe wakati wa mapumziko yake ya ugonjwa. Una beti ishirini na nne, na kila kifaa cha trekta kimepewa haki yake.

Helena aliupokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Hakuondoka.

“Baba, Bwana Meneja anasema atalima uwanja wetu kwa sababu hautumiki.”

“Ni kweli hautumiki.”

“Hautumiki kwa sababu hamjatupa kibali.”

“Na kibali hakitolewi kwa uwanja usiotumika. Kanuni ndivyo ilivyo, binti yangu. Mimi nilishika kalamu tu.”

Gidahosh alinitazama jinsi mchungaji anavyomtazama ng’ombe aliyeacha kula bila sababu. Helena akasema polepole, “Tukikosa pale, tutakutana wapi? Tangu mfunge, wavulana wetu na wa kwao wanapigana kisimani. Juzi kaka yangu amepasuliwa kichwa. Zamani hawakupigana, baba. Mtu umeruka naye jana, leo utampigaje rungu?”

Nitasema kweli, maneno yale yalinichoma. Yalikuwa mazuri mno. Niliyaandika haraka kwenye taarifa, chini ya kichwa cha habari “Faida za Sanaa”, kabla sijayasahau.

“Nimewaelewa kabisa,” niliwaambia. “Kilichobaki ni muhuri tu.”

“Muhuri uko wapi, baba?”

“Muhuri uko Mbulu.”

Walirudi mara kadhaa. Mara zote niliwapokea vizuri, na mara zote muhuri ulikuwa Mbulu.

Sherehe ya mavuno ikafika. Mgeni Rasmi alitoka mkoani, mtu mwembamba mwenye miwani na mapenzi makubwa ya utaratibu. Ndugu Xavery alikuwa amepanga mambo yake: trekta jipya lililopambwa kwa maua lilisimama ukingoni mwa uwanja wa ngoma, dereva Pascal juu yake, injini inanguruma. Wakati ukifika, Meneja angetoa amri mbele ya Mgeni Rasmi, na jembe lingezama.

Mgeni Rasmi akafungua taarifa yetu, akasoma, akainua uso.

“Hapa mmeandika kwamba vijana wanashiriki sanaa kwa kiwango cha kuridhisha. Kabla ya trekta, nataka kuwaona.”

Kuwaona haikuwa kazi. Walikuwa wameuzunguka uwanja wote, wa Endasak na wa mbugani, wamevaa kaptula na mashati, hakuna hata mmoja mwenye fimbo. Wamefunga mikono, kimya.

“Haya vijana!” Ndugu Hermani alipaza sauti. “Rukeni!”

Hakuna aliyetikisika.

“Shikamoo baba,” alisema Helena. “Hatuna kibali.”

“Nimewapa sasa hivi!”

“Kwa mdomo?” Gidahosh aliuliza kwa upole. “Kanuni ya tatu inasema hilo ni kosa, baba. Hatutaki kukosa mbele ya mgeni.”

“Basi kiandikwe! Katibu, andika upesi!”

“Na muhuri?” aliuliza Helena.

Wote wakanigeukia.

“Muhuri uko Mbulu,” nilisema.

Nilidhani Mgeni Rasmi atakasirika. Badala yake alivua miwani, akaifuta kama mtu aliyeguswa sana. “Kwa miaka yangu yote ya kazi,” alisema, “sijaona vijana wenye nidhamu kama hawa. Sasa mwenye kibali ni nani? Maana taarifa inasema kipo kibali kimoja kilichotolewa.”

Mimi ni katibu. Jalada likiulizwa, nalifungua. Nikasoma: “Kibali namba moja. Ndugu Hermani. Ndugu Xavery. Na mimi.”

Mgeni Rasmi akapiga makofi. “Kumbe viongozi wenyewe ndio mfano! Karibuni uwanjani.”

Tulivua viatu. Ndugu Xavery aliniangalia kwa jicho ambalo mpaka leo sijalisahau. Hapo akainuka Mzee Bura, mwenye umri mkubwa kuliko watu wote pale, akaomba neno.

“Mgeni wetu, uwanja huu una mila yake,” alisema. “Anayeingia kuruka haachi mpaka mwimbaji anyamaze. Akiacha kabla, hana neno hapa uwanjani mpaka mavuno mengine. Hatoi amri, hajibu, hasemi. Hata kama ana ng’ombe wa kujaza mbuga.”

“Mila safi kabisa,” alisema Mgeni Rasmi. “Waraka wetu unasema tuenzi mila. Katibu, iandike, nami nitaisaini.”

Nikaiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hati nzuri. Akaisaini.

Wimbo uliopitishwa ulikuwa mmoja tu. Kuimba kwa kusimama hatukukuwekea kanuni, tulisahau. Helena akasogea mbele, akaanza “Trekta Letu”, na vijana wote wakaitikia. Niseme ukweli, sikujua kwamba wimbo ule unaweza kuimbika. Sauti ya yule binti iliuinua, ikaupitisha juu ya ngano, na maneno ya hovyo yakapata maana ambayo mwenye kuyatunga hakuyapa. Sisi tukaanza kuruka, watu wazima watatu ndani ya Kaunda suti, chini ya kimo cha debe.

Matairi ya mbele tuliyapita salama. Kwenye ubeti wa oili Ndugu Xavery alishika paja, akatoka akichechemea. Ndugu Hermani alijikaza kwa sababu wimbo ni wake, lakini alipofika ubeti unaousifu uongozi bora alikaa chini puu, na vumbi likamfunika. Nikabaki peke yangu. Na hapo, ndugu msomaji, kuna jambo lilinitokea. Vijana walikuwa wananiitikia, Gidahosh ananipigia makofi ya kunipa mwendo, na kwa muda mfupi nilisahau cheo, nikasahau jalada, nikaona raha ambayo sijaionja tangu utotoni kule kijijini Daudi. Nilielewa waraka wote. Kisha goti likalia, nami nikaanguka kwenye ubeti wa breki.

Helena aliendelea mpaka mwisho. Hakuruka ubeti hata mmoja.

“Asanteni sana,” alisema Mgeni Rasmi. “Sasa, Ndugu Meneja, toa amri trekta lianze.”

Ndugu Xavery akafungua mdomo. Mzee Bura akakohoa. Mgeni Rasmi akaangalia karatasi aliyoisaini.

“Samahani. Huna neno.” Akamgeukia Ndugu Hermani, akamwona bado yuko chini. “Wewe pia.” Akanitazama mimi, nikatazama vidole vya miguu yangu. “Nami ni mgeni, siwezi kuamuru kwenye uwanja wa watu. Dereva, wewe unasemaje?”

“Mimi silimi bila amri, mzee,” alijibu Pascal. “Kanuni ya Bwana Meneja mwenyewe.” Akazima injini.

“Basi mwenye neno hapa ni nani?”

Watu wote walimtazama Helena. Aliinamisha kichwa kidogo, kisha akakiinua.

“Naomba trekta lirudi, baba. Ngano ina pa kukaa. Sisi tuna hapa tu.”

Trekta likarudi na maua yake. Mgeni Rasmi akasema vijana wenye kushika kanuni namna ile ndio wanaofaa kuwa kamati, akawateua palepale, na muhuri akaamuru wakabidhiwe wao. Kibali chao cha kwanza walikiandika wenyewe, mgeni akakisaini chini ya saini yake ya mila, akisema siku hiyo saini yake itasimama badala ya muhuri. Gidahosh akavua shati, mtu mmoja akamtupia fimbo kutoka kwenye ngano, wakaanza wimbo wa lile dume lililokufa. Aliruka, nami sijui ni madebe mangapi. Kaka yake Helena, kichwa bado kimefungwa bandeji, alikuwa anaruka ubavuni mwake.

Sisi watatu, kwa kuwa tulikwisha kuwa kikundi cha mfano, tumeagizwa kutumbuiza kila sherehe ya serikali. Kila Jumamosi tunafanya mazoezi pale uwanjani, kimya, maana hatuna neno mpaka mavuno mengine. Ndiyo sababu ninaandika. Gidahosh anatufundisha kwa uvumilivu na anasema Ndugu Hermani ameanza kuachana na ardhi.

Jumamosi iliyopita nilimpa Helena karatasi. Nilimwomba, kwa heshima zote na kwa kuzingatia hali ya goti langu, wimbo wa “Trekta Letu” upunguzwe uwe na beti tatu tu.

Aliisoma yote. Akanipokea vizuri kabisa, akanivutia kigoda nikae.

“Tumekuelewa, baba,” alisema. “Kilichobaki ni muhuri tu.”

Nikanyoosha mikono kuuliza uko wapi.

“Uko Mbulu,” alisema Helena. “Haya, simama. Tunaanza na matairi.”