Viti Vigumu, Washiriki Wagumu Zaidi

Jumatatu, 3 Juni

Nimemaliza kusoma fomu za maoni za kongamano la mwaka jana. Naandika kwa utulivu kamili: Chama cha Watengenezaji wa Magodoro kimejaa watu wasio na shukrani. Mimi ndiye katibu wake. Kongamano hili nimelijenga mwenyewe, kuanzia ratiba hadi mishale inayoelekeza chooni. Na ahsante yangu ndiyo hii!

Viti ni vigumu. Chai ilikuwa imepoa. Muda wa kuzungumza wao kwa wao haukutosha. Hotuba ya katibu ni ndefu. Hili la mwisho limerudiwa karibu katika kila fomu. Mshiriki mmoja ameongeza kwamba alinyoa ndevu asubuhi, na hotuba ilipokwisha zilikuwa zimeota tena. Utoto! Fomu hazina majina, lakini mzaha wa aina hiyo una mwenyewe. Ni Sponji.

Sponji ndivyo tunavyomwita mwenye kiwanda cha sponji kule karibu na reli. Mtu mwenye tumbo, kicheko kikubwa na subira ndogo. Anautaka ukatibu wangu. Hata hafichi.

Jioni mwenyekiti alipiga simu. Kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba, alinieleza kwamba mwaka huu kongamano likiisha wanachama watapiga kura ya ukatibu. Maoni yakiwa mabaya tena, nimwachie mwingine. Nikamuuliza mwingine gani. Akakohoa.

Sing'oki. Waliyoyaomba watayapata, tena kwa ukamilifu ambao hawakuutarajia.

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza na hotuba. Mada: "Mgandamizo na Urejeo: Historia ya Kitu cha Kulalia." Yaani jinsi godoro linavyobonyea na kurudi lilivyokuwa. Mke wangu alipendekeza niifute. Nikamfafanulia kwamba washiriki hawakusema ni mbaya. Walisema ni ndefu. Kuifuta ni kujibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Msomaji makini husoma kilichoandikwa.

Kwa hiyo nimeigawa sehemu nne. Kila sehemu ni fupi! Moja itatangulia chai ya asubuhi, nyingine chakula cha mchana, na kadhalika hadi jioni. Hakitatoka kikombe wala sahani kabla ya sehemu husika kukamilika. Chai itaanza kuchemshwa nikifika aya ya mwisho, nayo itawafikia ikiwa inatoa moshi. Malalamiko mawili kwa pigo moja.

Mke wangu akauliza sehemu nne zikijumlishwa zimepungua wapi. Nikamjibu kwamba hilo ni swali la hesabu, na hapa tunazungumzia ratiba. Akaenda kumwangalia mama yake.

Mama mkwe yuko nasi tangu mwezi uliopita. Halali. Anasema usingizi umemhama, na kwamba kukesha macho makavu katika nyumba ya mpima ubora wa magodoro kama mimi ni fedheha ya ukoo mzima. Nimemletea godoro la pamba, la springi, la sponji. Kila moja alilibonyeza kwa vidole viwili, kama mtu anayechagua nyanya asizokusudia kununua.

Alhamisi, 6 Juni

Kikao cha kamati. Niliomba viti vyenye mito. Mwenyekiti akasema tusiote ndoto za mchana. Ndipo likanijia wazo ambalo, nakiri bila majivuno, ni la daraja la juu kabisa. Sisi ni watengenezaji wa magodoro. Kwa nini tunakalia vyuma? Kila mwanachama alete godoro lake, yapangwe kwa safu ukumbini, washiriki wayakalie! Kikao na maonyesho vitakuwa kitu kimoja.

Sponji akapiga meza. "Katibu, leo umenena, wallahi!" Aliniunga mkono kabla sijafika sababu yangu ya tatu, nami nilikuwa nazo saba.

Nimerudi nyumbani na wasiwasi. Mtu huyu hajawahi kukubaliana nami hata kuhusu tarehe ya leo. Nilimuuliza mke wangu anapanga njama gani. Akajibu kwamba huenda hana njama, ana magodoro tu. Jibu jepesi mno!

Nimechukua tahadhari. Nimetunga kanuni na kuagiza ibandikwe kwenye kila nguzo: Godoro la kongamano ni la kukalia, si la kulalia. Mgongo uwe wima muda wote.

Jumamosi, 8 Juni

Leo zamu ya mazungumzo. Wanataka kuzungumza? Watazungumza, lakini kwa utaratibu. Nimewapanga wawili wawili, kila jozi na mada niliyoiteua, na kengele ikilia wabadilishane. Kigezo changu ni cha kisayansi: kila mshiriki akutanishwe na yule ambaye hajasemezana naye kwa muda mrefu kuliko wote. Hapo ndipo mazungumzo yanapohitajika zaidi.

Mwenyekiti alipiga simu ratiba ilipomfikia. Sauti juu! Aliuliza kama najua kwa nini yule bwana wa springi, mwanachama anayetengeneza magodoro ya springi, na shemeji yake hawajasemezana. Nikajibu kwamba ndiyo sababu nimewaweka pamoja. Akasema wana kesi mahakamani. Nikasema basi hawatakosa mada. Akakata simu.

Fikra mpya haikosi wapinzani. Nimezoea.

Jumanne, 11 Juni

Limebaki doa moja. Mwaka jana watu walikuwa wakitoka ukumbini katikati ya hotuba yangu, mmoja mmoja, eti kupokea simu. Simu zenyewe hazikulia! Wengine waliziweka sikioni juu chini.

Jibu nimelipata katika magodoro yenyewe. Ni mapya, lazima viatu vivuliwe mlangoni. Ni suala la usafi, hakuna mwenye akili atakayelipinga. Vikishavuliwa vitafungiwa stoo, na ufunguo utakaa mfukoni mwangu hadi sehemu ya nne iishe.

Mke wangu akanikumbusha kwamba hao ni washiriki, si mateka. Nikamkumbusha kwamba mateka hapewi chai ya moto. Mama mkwe, aliyekuwa akisikiliza kutoka sebuleni, akamuuliza binti yake kwa sauti ya kunifikia, "Mwanangu, hivi huyu ulimtoa wapi?" Mke wangu alicheka. Sikuona cha kuchekesha.

Alhamisi, 13 Juni

Fedheha. Sina neno jingine.

Asubuhi ya kongamano ilianza vyema. Magodoro safu kwa safu, shuka zimenyooka, viatu ndani ya stoo, ufunguo mfukoni. Nikapanda jukwaani. Sikuwa nimemaliza kufasili neno "urejeo" nilipoona migongo ikipinda. Yule bwana wa springi akawa wa kwanza. Kichwa kiliinama, kikazunguka kidogo, kikatua juu ya bega la shemeji yake. Wana kesi! Nikangoja ugomvi. Shemeji akamlalia naye, wakaegemeana kama vitabu vilivyobaki peke yao rafuni.

Nilipofika kwenye enzi ya magodoro ya majani makavu, nusu ya ukumbi ilikuwa imelala. Niliisoma kanuni kwa kipaza sauti, yote, pamoja na maelezo yake. Nusu iliyobaki ikalala. Nikapiga kengele ya mazungumzo. Mtu mmoja aligeuka upande wa pili. Sponji alikuwa chali katika safu ya mbele kabisa, tumbo likipanda na kushuka, akikoroma katika kila kituo changu kana kwamba ameajiriwa kuweka nukta!

Chai ikatoka jikoni ikichemka kwa mujibu wa ratiba. Hakuna aliyeinuka kuinywa. Ikapoa. Nitaandikiwa tena kwamba chai ilipoa!

Kisha akawasili mgeni rasmi, mwenye hoteli kubwa kuliko zote hapa mjini, ambaye kila mwanachama anaomba amuuzie walau mto mmoja. Mwenyekiti alizinduka kwa mlio wa gari, akaja mbio jukwaani kudai viatu vyake. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba hata sehemu ya pili haijaisha. Akaniita kwa jina ambalo sitaliandika. Akaenda kumpokea mgeni kwa soksi, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kikiwa kimetoka nje kizima.

Mgeni alivua viatu bila ubishi. Akasema angependa kulijaribu godoro la Sponji kidogo tu, huku akinisikiliza. Nilikuwa nimeingia kwenye mgandamizo wa pembeni, eneo gumu, linalodai umakini. Alipofumbua macho nilikuwa nimekamilisha sehemu ya nne na jua linakwenda kuzama.

Nilizisoma zote. Neno kwa neno. Sikuruka hata tanbihi.

Kura imeahirishwa hadi kesho, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusimama.

Ijumaa, 14 Juni

Nilikwenda nikiwa nimevaa suti nyeusi. Mtu akizikwa na avae vizuri.

Mwenyekiti akasoma maoni mbele ya wote. Viti: "Mungu awabariki." Hotuba ya katibu: "Isipunguzwe hata neno." Hotuba ya katibu: "Mwakani iwe na sehemu sita." Hotuba ya katibu: "Sijapumzika hivi tangu nioe." Maoni bora kuliko yote katika historia ya chama! Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwomba arudie. Akarudia, na ukumbi ukapiga makofi.

Si hayo tu. Yule wa springi na shemeji yake wamekubaliana kuifuta kesi. Wanasema waliamka mmoja amemdondoshea mwenzake udenda begani, wakaangua kicheko, na baada ya kicheko kile ikawa vigumu kurudi kwenye uadui. Naye mwenye hoteli ameagiza magodoro ya kila chumba, ya aina zote, kutoka kwa kila mwanachama. Aliuliza pia yule bwana anayesoma anapatikana wapi.

Nikainuka kutoa shukrani. Sponji akaniwahi! Alisema, kwa unyenyekevu niliouona wa kuchukiza, kwamba kipaji kama changu hakistahili kupotezwa kwenye ratiba na vikombe. Akapendekeza niteuliwe Mhadhiri wa Kudumu wa Chama. Hotuba zangu zirekodiwe, na kila godoro litakalouzwa liambatane na sauti yangu. Yeye, kwa kujitolea, atabeba mzigo wa ukatibu.

Nilinyoosha mkono kupinga. Wakati huohuo mwenyekiti aliita wanaoafiki. Mikono yote ilikuwa juu, na wangu ukahesabiwa humo humo. Kwa kauli moja!

Mwenyekiti alinishika bega, akasema chama hiki hakijapata kuwa na mtu kama mimi. Alikuwa amevaa soksi mpya.

Jumapili, 16 Juni

Siku nzima ya jana nilikuwa na hasira. Leo nimelichambua jambo kwa utulivu na nimeona kilichotokea. Sponji amejichimbia mwenyewe. Kuanzia sasa yeye ndiye atakayesomewa chai imepoa, viti vigumu, choo hakionekani. Mimi nimepewa wasikilizaji katika kila chumba cha kulala. Ni msomi gani wa rika langu aliyefika huko?

Nalalamika jambo moja tu. Walilala siku ya kwanza! Lakini hata hilo nimelipatia maelezo: ugeni wa mada huchosha akili. Sasa wanaomba kurudia, tena kwa wingi, na hiyo ni dalili ya hamu ya elimu iliyochelewa kuamka.

Mke wangu aliniuliza taratibu kama nimeelewa kwa nini wanaitaka sauti yangu. Nikamjibu kwamba nimeelewa kikamilifu, nikamweleza hayo ya hapo juu. Akasema, "Haya, baba," akaniomba nikamsomee mama yake sehemu ya kwanza, kabla ya kurekodi, kama majaribio.

Mama mkwe alikuwa ameketi wima kitandani, mikono kifuani, macho mekundu, uso wa mtu anayengoja kugombana. Nikaanza. Kufikia enzi ya majani makavu alikuwa ameshusha mikono. Kufikia pamba alilaza kichwa kwenye mto na kufumba macho, ili asipotewe na neno. Hakupinga hoja hata moja. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kunisikiliza kwa adabu kiasi hicho!

Nilipotua kuvuta pumzi, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, machozi yakimlengalenga. Hakujua kwamba mada hii inaweza kumgusa mtu hivyo, nami sikujua. Aliniomba kwa kunong'ona nisinyamaze, niendelee tu.

Nimeendelea. Nimefika sehemu ya nne, naandika haya nikigeuza ukurasa. Kengele ninayo hapa kando. Nikimaliza nitaipiga, ili apate nafasi ya kuuliza maswali.