Beberu Aliyeuzwa Mara Nne

Mkurugenzi mstaafu Castory alikuwa hewani kwenye studio moja ya redio pale Dodoma mjini, akichambua mfumuko wa bei kwa sauti nzito ya mtu aliyeshiba, ingawa tangu asubuhi tumbo lake lilikuwa na chai ya rangi tu. Ndipo ikaingia simu ya msikilizaji.

"Habari za kazi, baba. Naitwa mama Sidonia, napiga kutoka huku mbele ya Hombolo. Upepo umeng'oa paa la chumba cha kujifungulia cha zahanati yetu, na mvua hizi hapa zinakuja. Jumapili tunafanya mnada kanisani tupate bati. Watu wametoa karanga, wametoa mvinyo wa zabibu, wametoa mbuzi..."

Castory akakaa vizuri kwenye kiti. "Mbuzi wangapi, mama?"

"Kumi na wawili."

Jamani, wapo wanaoitwa na Mungu kwa ndoto. Castory aliitwa na mbuzi. Zamani alikuwa mkurugenzi wa fedha wa kampuni ya mikopo iliyofungwa milango ghafla, yeye akiwa wa kwanza kutoka. Kisha akawa mchambuzi, kazi isiyohitaji mtaji zaidi ya koo. Mwaka huu alikuwa amepanda cheo tena: mfadhili, mwenye Taasisi ya Moyo Mkunjufu, ambayo ofisi yake ilikuwa mfuko wa koti lake.

"Mama Sidonia," akasema, "taasisi yangu inawapa milioni hamsini. Nitazileta mwenyewe."

"Mungu akubariki, baba. Basi utakuwa mgeni rasmi."

Mpango ulikuwa mwepesi. Akachapisha hundi ya mfano kwenye turubai, ndefu kuliko kitanda. Ugogoni hawamwachi mgeni aondoke mikono mitupu, sembuse mgeni wa milioni hamsini. Angepewa mbuzi, angewapitisha mnadani Msalato, na kijiji kingebaki kuisubiri hundi "iive" mpaka kichoke. Tatizo lilikuwa moja. Bi Shamimu, mwenye nyumba wake, alikuwa amempa hadi Jumatatu saa nne asubuhi alipe pango, la sivyo godoro linatoka nje. Laki saba za pango alikuwa nazo, na hizo tu. Akazitia kwenye koti aende nazo, maana tajiri asiye na kitu mfukoni hutembea kinyonge.

Jumapili akafika na pikapu ya kuazima. Watu wakasifu unyenyekevu wake, mkurugenzi mzima kuja na pikapu! Unyenyekevu gani, mwenzangu? Ilikuwa nafasi ya mbuzi.

"Mbukwenyi!" akawasalimu Kigogo, na vigelegele vikamjibu. Ibada ilipokwisha akahutubia nusu saa nje ya kanisa juu ya mnyororo wa thamani: kila bidhaa ikipita mkononi, thamani yake hupanda. Akakunjua turubai, vigelegele tena. Kisha mama Sidonia, mwanamke mfupi aliyefunga kitenge mpaka kwapani, akaagiza mbuzi waletwe.

"Hawa ni wako, baba."

Castory alikuwa karibu kulia, na kwa mara ya kwanza machozi yake yalikuwa ya kweli. Akamshika beberu mmoja mweusi, mnene, pembe zimejikunja. Mara mzee wa kanisa Noeli, mnadishaji, akapanda juu ya benchi.

"Na kama ilivyo desturi yetu, mgeni rasmi anazirudisha zawadi zake mnadani!"

"Hapana, mimi—"

"Mnaona?" akasema mama Sidonia. "Hataki hata tumshukuru."

Kwaya ikapaza sauti. Noeli akamnyanyua beberu. "Laki moja! Nani?" Kijiji kizima kikageuka kumtazama mtu wa milioni hamsini. Castory akatazama juu, akatazama viatu vyake. Mkono ukanyanyuka wenyewe.

"Amemnunua! Na anamrudisha!"

"Simrudishi!" Nani amsikie? Ngoma zilikuwa zimeshapamba moto.

"Sasa laki na nusu," akasema Noeli, "maana mwenyewe katufundisha, kikipita mkononi thamani hupanda!"

Akamnunua mara ya pili. Mara ya tatu laki mbili. Mara ya nne laki mbili na nusu, na pango la Bi Shamimu likawa limekwisha lote, na beberu bado ni wa kanisa. Noeli akainua yai la kuchemsha.

"Mzee," Castory akanong'ona, "kwa sasa nina changamoto ya ukwasi."

"Ukwasi ndiyo nini?"

"Sina hela!"

"Usijali. Koti tunapokea."

Alirudi kwenye pikapu na shati, yai mkononi. Mama Sidonia akamsindikiza hadi mlangoni, kwa heshima zote.

"Mama, mmenimaliza. Kwani mlijua?"

"Tangu redioni, baba. Mtu anayetaka kuezeka huuliza chumba kina ukubwa gani. Wewe uliuliza mbuzi wangapi." Akamfungia mlango. "Ila turubai umetuletea zuri. Tumelifunga juu ya chumba pale mpaka bati zifike."

Mvua ilinyesha Jumatatu alfajiri. Mtoto wa kwanza akazaliwa mkavu kabisa, chini ya maneno MILIONI HAMSINI TU, na bibi yake akampa jina Hundi. Kufika saa nne, godoro la Castory lilikuwa nje, limelowa.

Alhamisi akarudi studio, nyumba hana, ila sauti bado ipo. Kabla hajafungua mdomo, mtangazaji akamwambia simu zimejaa. Mama Sidonia alikuwa amepiga asubuhi kumshukuru hewani, akamsifu mkoa mzima ukasikia.

"Shikamoo mkurugenzi," ikasema simu ya kwanza. "Naitwa Asnath, napiga kutoka Mpwapwa. Darasa letu halina paa. Ila usiwe na wasiwasi, mbuzi tunao."

Castory akavua vipokea sauti vya masikioni, akaomba udhuru, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakuchukua koti. Koti lilikuwa Hombolo, na Noeli hulivaa kila siku ya mnada.