Nilivyomkwepa Sista Jeruto

Jumatatu, 12 Juni 2006. Kitale.
Bado niko wodi ya kujifungulia, na Sista Jeruto bado ananisimamia kama polisi. Nikipima presha, yuko begani. Nikinawa mikono, ananirudisha kwenye sinki. Leo amenisuguisha tumbo la sanamu ya mafunzo hadi vidole vikafa ganzi. Ati mama akivuja damu sitakuwa na muda wa kufikiri.

Makokha, tuliyeanza naye chuo cha uuguzi, yuko hospitali moja ya Bungoma. Anasema msimamizi wao, Bwana Wakhungu, huwaachia wodi na kwenda zake. Raha gani hiyo!

Jumatano, 14 Juni.
Mwalimu Kemboi amekuja kutoka chuoni kuuliza kama tunaridhika na wasimamizi wetu. Nafasi yangu! Nikamsihi Nabwile, mwenzangu wa zamu, tulalamike pamoja. Akakataa. Ati kwa Sista amejifunza kuliko darasani. Msaliti.

Nikaingia peke yangu. Nikasema Sista ameninyima usingizi na hamu ya chakula. Nikajaribu kulia. Chozi moja likapatikana. Nimehamishwa!

Sista hakununa. Alinipa mkono, akasema nikikwama nimpigie simu. Nikwame? Mimi?

Jumatatu, 19 Juni. Bungoma.
Peponi. Wakhungu aliniuliza kama nimekunywa chai, kisha akapotea. Sijasahihishwa hata mara moja.

Alhamisi, 22 Juni.


Wakhungu alikuwa Sirisia, mazishini. Makokha alienda kununua mandazi. Muuguzi wa zamu alikuwa amempeleka mgonjwa thieta kupasuliwa. Nikabaki na Suad, mama kijana wa mtaa wa msikitini, na mama mkwe wake. Akajifungua salama. Mtoto akalia, kondo la nyuma likatoka, nikajipongeza.

Halafu damu. Nyingi! Haikukoma. Niliita, hakuna aliyekuja. Midomo ya Suad ikapauka. Kichwa changu kitupu kabisa. Nikampigia Sista simu Kitale, mama mkwe akanishikia sikioni.

"Sifuna, kondo limetoka lote?"

"Lote, Sista."

"Sugua tumbo, chini ya kitovu. Kwa nguvu! Sindano ya kukaza tumbo umedunga?"

"Bado. Nasugua, simu ameshika mama mkwe wake."

"Unangoja nini? Mwonyeshe huyo mama asugue, wewe dunga!"

Mama mkwe akabana simu begani, akakunja mikono ya buibui, akasugua huku akiomba Mungu kwa sauti. Nikadunga. Nikarudi kusugua. Nikasugua mpaka jasho likaniingia machoni. Nilidhani Suad anatuacha. Kisha tumbo likaanza kukaza chini ya kiganja, gumu kama chungwa bichi. Damu ikapungua. Ikakoma.

Sista hakukata simu mpaka nilipomsomea presha, ikawa imepanda na kurudi kawaida. Kisha akauliza kama nilikuwa nimenawa mikono.

Jumamosi, 24 Juni.
Suad ameketi, anakunywa uji. Mtoto ananyonya vizuri. Niliwaeleza wauguzi jinsi nilivyomwokoa kwa utulivu wangu. Mama mkwe akawaeleza jinsi nilivyopiga mayowe.

Mwalimu Kemboi amefika, amesikia yote. Ameamua Sista Jeruto aletwe Bungoma kuanzia Jumatatu, atusimamie sisi sote. Nilimshukuru sana, nikainama kabisa.

Kuna zahanati moja huko Malakisi, bana. Nasikia msimamizi wake ni mzee mpole, na sikio moja halisikii. Nimeshaanza kukohoa mbele ya Kemboi. Hewa ya Bungoma hainifai hata kidogo.