Vita vya Kuzitenga Diski Mbili Nyumbani kwa Bi Mahbuba

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, saa nane mchana, kaka yangu Mongi alimaliza kahawa yake, akakigeuza kikombe juu ya kisahani kama kawaida yake, akasema, "Najinyoosha dakika kumi. Msiguse kompyuta, inafanya kazi." Hakuamka. Kompyuta iliendelea kufanya kazi mpaka magharibi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuigusa.

Sogeeni basi, enyi watu wa njia ya Gremda! Enyi mnaovunja lozi milangoni, nanyi mnaosikiliza madirishani huku mkijifanya mnaanika nguo, sogeeni niwasimulie vita vikuu vilivyopiganwa hapa Sfax katika chumba cha kushonea, baina ya adhuhuri na alasiri, pasipo farasi wala upanga, kwa bisibisi moja na kebo nyekundu yenye urefu wa shubiri mbili. Mimi Hedi sikusoma kupita sekondari na ulimi wangu si wa washairi, lakini nilikuwepo, na mimi ndiye niliyeshika tochi.

Jueni kwanza kwamba kwa miaka kumi na tisa Mongi alikuwa sultani wa kompyuta ya nyumba hii. Kila ilipoanza kujikokota, yeye aliuchoma upande wa C, ule unamokaa mfumo unaoiendesha, akaujenga upya kabla ya chakula cha jioni. Na upande wa D, vinamokaa vitu vyetu, hakuugusa hata siku moja. Naye alitutangazia sheria, mkono ukiwa kiunoni: "Ukiweka kitu C, usije kunililia. Cha maana kinakaa D."

Na D ilikuwa na hazina. Ilikuwa na filamu kumi na moja za mavuno ya zeituni, moja kwa kila mwaka tangu apate kamera, zote alizipiga yeye. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika kamera, katika zote kumi na moja hauonekani hata unywele wake mmoja. Inasikika sauti tu, ikitoa amri.

Siku ya arobaini yake, kompyuta ikamfuata. Fethi, fundi wa duka la kona, akaifungua kifua, akatupa habari iliyotikisa nguzo za ukoo wetu.

"Bi Mahbuba, C na D si vitu viwili. Ni diski moja iliyochorwa mstari katikati. Kama chumba kimoja chenye pazia. Kikiungua, kinaungua chote."

"Miaka kumi na tisa tunategemea pazia?" Mama akauliza.

"Nchi nzima inategemea pazia, mama yangu."

Mama akavuta kiti cha plastiki, akakaa na tasbihi yake hapo hapo dukani, asitoke mpaka ile diski kongwe, inayonguruma kama kinu cha kahawa, ilipoitapika filamu ya mwisho ndani ya diski mpya kubwa. Jioni ile diski kongwe ikanyamaza moja kwa moja. Hivyo filamu kumi na moja zikabaki mahali pamoja tu duniani kote. Nanyi wenye akili mnaotaka kupiga kelele "nakala!", tulieni: flashi pekee ya nyumba hii ilikuwa inabeba filamu moja na nusu tu.

Ikaja kompyuta mpya yenye diski mbili, miili miwili mbalimbali: ndogo yenye kasi, ya mfumo, na ile kubwa, ya hazina. Fethi akazifunga zote ndani ya kasha, akasema, "Niachieni nimalizie, kesho mtachukua."

"Kitu cha Mongi hakilali dukani," Mama akasema, nami nikakibeba kichwani hadi nyumbani.

Jumamosi likaketi baraza la vita. Alikuwepo Mama. Alikuwepo Mjomba Lamjed, Mshinda-Pampu, aliyetengeneza mashine za maji miaka thelathini na kwa hiyo anajua kila mashine. Na pembeni, nyuma ya cherehani yake, alikuwepo Raudha, mjane wa Mongi, Malkia wa Bitana, anayewashonea mabibi harusi wa nusu ya mji huu. Tangu mwezi wa tatu maneno yake kwa siku yalikuwa yanahesabika kwa vidole, na mengi yao yalikuwa "sijambo".

Mjomba akachomeka flashi yenye mfumo mpya, akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akaikabili skrini kama jemadari anayetazama jeshi la adui likishuka mlimani.

"Diski sifuri. Diski moja. Nazo zimekatwa vipande vipande... hiki nini? Hedi, sanduku liliandikwa gigabaiti mia tano, sivyo? Hapa naona mia nne sitini na tano! Na ile ya elfu moja imekuwa mia tisa thelathini na moja! Tumeibiwa mchana kweupe!"

"Kazi ya watu wa Tunis hiyo," Mama akasema. (Hakuna aliyeibiwa: kiwanda na kompyuta huhesabu kitu kile kile kwa vipimo viwili.)

"Sasa nisikilizeni!" Mjomba akasimama. "Nimefungua pampu zilizokataa kufunguka tangu enzi za Mfaransa. Nimetia mkono mahali ambapo wanaume walitia dua. Siwezi kushindwa na sifuri na moja! Tunafuta kila kipande tunachokiona, tunaanza safi. D haiguswi, Mongi mwenyewe alisema."

Kidole chake kikatua juu ya kipanya. Nami nikakumbuka pazia: kwenye skrini ile hapakuwa na C wala D, na hazina ilikuwa miongoni mwa vipande vile vile; nikainua mkono nimzuie.

Ndipo cherehani ikanyamaza.

"Mjomba, toa mkono."

"Binti yangu, hii ni..."

"Toa mkono, nimekwambia. Nikikata bitana, kitambaa cha bibi harusi hakikai mezani. Hata kama najua kipi ni kipi. Hata kama nimevaa miwani. Kinatoka, kinawekwa kabatini, ndipo nashika mkasi."

"Miwani yangu ina shida gani?"

"Haina shida, ila umeivaa juu ya kichwa."

Ilikuwa kweli.

Raudha akazima kompyuta, akachomoa waya wa umeme, akaomba bisibisi. Nikammulikia. Akaufungua ubavu wa kasha kwa utulivu ule ule anaofumulia mshono, vidole vyake vikapita katikati ya nyaya, vikaifikia kebo nyekundu ya diski kubwa, vikaivuta. Tk! Ngome ikabaki bila hazina.

"Shemeji, ndio hivyo tu?" nikamuuliza.

"Ulitaka mizinga?" Kisha akamgeukia Mjomba. "Sasa kaa. Futa unachokiona."

Na Mshinda-Pampu akafuta kwa furaha ya mtu aliyeruhusiwa kuvunja vyombo, maana kilichoonekana kilikuwa kidogo na kitupu. Mfumo ukaanza kupanda. Ukafika asilimia ishirini na saba, ukasimama, Mama akasoma alichosoma, ukaendelea. Alasiri ilipoadhiniwa, ulikuwa umeketi katika diski yake peke yake. Raudha akazima tena, akairudisha kebo nyekundu, akawasha.

Pigo la mwisho likatoka kwa Mama.

"E? Huyu E ni nani? Mwanangu alikuwa anaweka D."

"Ni diski kubwa, Mama. Flashi imeliwahi jina la D," nikasema.

"Itoke."

Flashi ikatoka. Raudha akaivua diski kubwa herufi ya E, akaivika D. Kisha, akiwa amekwisha kukamata usukani, akahamishia huko folda za picha na za karatasi zetu, ili hata Mama akisahau sheria, sheria isimsahau. Akabofya filamu ya mwaka wa baridi kali. Shamba likatokea, ngazi, turubai chini, na yeye mwenyewe na reki yake. Na sauti:

"Raudha! Sogea kivulini, unang'aa kama sinia, sioni mzeituni!"

Raudha akaitazama skrini.

"Sogea wewe," akasema.

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Mjomba akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akasema ina vumbi.

Basi na wajue wajukuu wa njia ya Gremda kwamba Jumamosi ile C ilipata nyumba yake na D ikapata nyumba yake, na baina yao hapana pazia tena bali kuta mbili kamili, na aliyezijenga ni mwanamke mwenye sindano kifuani.

D imebakiwa na nafasi ya gigabaiti mia sita. Mavuno yanaanza Novemba. Kamera atashika Raudha.